Marehemu Anadai: shajara ya filamu yetu ya Ujiji

Machi, mwanzoni

Skripti imefika mwisho na kila aliyeisoma kaniuliza swali moja, stelingi, yule shujaa wa filamu, ni nani.

Stori kwa kifupi ni hivi. Mzee Bilali wa Ujiji anavusha mzigo kwenda Kalemie, anachelewa kurudi, simu haipatikani, mtu mmoja mwaloni, pale boti zinapotua, anasema kasikia kuna boti imezama upande wa Kongo. Basi. Watoto wake hawasubiri uthibitisho. Sudi, mkubwa, anafunga turubai asubuhi ileile. Mwajuma analia kwa viwango, ukija na gari analia mpaka anadondoka, ukija na baiskeli anapenga kamasi tu anakuonyesha mkeka. Kassim, kitinda mimba, kashauza mashine ya boti ya akiba kabla hata viti vya plastiki havijashushwa. Sala ya ghaibu imeswaliwa, daftari la ubani, hela ya rambirambi, limejaa, alafu usiku mmoja mzee anarudi, kanenepa kidogo, alikua kwa mke wa Kalemie ambae huku hakuna anaemjua. Wanawe hawafurahi hata kidogo, wanamficha stoo mpaka hitma, kile kisomo cha kumuombea marehemu, ipite. Na mzee mwenyewe akishasikia kiasi kilichokusanywa haulizi kwanini mnanizika wanangu, anasema hiyo hela imechangwa kwa jina langu, nataka nusu.

Alafu yupo Bi Tatu, mkewe, yuko eda. Eda ya kufiwa ni miezi minne na siku kumi, na Bi Tatu kwa mara ya kwanza tangu aolewe hapiki, haendi sokoni, majirani wanamletea chakula, wanawake wa kikoba wamesitisha kumdai. Siku anagundua mume yuko stoo, ukuta mmoja tu katikati yao, hapigi kelele. Anachukua kufuli anafunga kwa nje.

Kwaiyo hakuna mtu mwema humu ndani, na ni makusudi.

Wazo lilinijia 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti ili samaki wazaliane. Watu wa dagaa wanaijua ile miezi. Hela ilikauka Katonga, ikakauka Kibirizi, ikakauka Ujiji yote, lakini misiba haikufungwa, magrupu ya michango yaliendelea kuingia kwenye simu kama kawaida, na mimi nikaanza kuwaangalia watu wanavyolisoma daftari la msiba. Mtu anatafuta kwanza jirani yake katoa shingapi, akishapata ndo anauliza tunazika saa ngapi.

Machi, mwishoni

Kuhusu stelingi. Naomba niandike kirefu hapa ili wa kuruni wakiniuliza tena niwatumie hii.

Sisi tumekulia vibanda umiza, vile vibanda vya kuonyeshea video, benchi la mbao, jasho, na mle ndani filamu ina stelingi na ina maadui, stelingi hafi, akipigwa mwanzoni unajua mwishoni atalipa. Ukiweka kasti nzima ya watu wachafu mtazamaji hajui ashangilie upande gani. Naelewa kabisa. Lakini huyuhuyu anaeniuliza stelingi nani mwambie akusimulie Abunuwasi uone anavyochangamka. Abunuwasi kaazima sufuria kwa jirani, kairudisha na kisufuria ndani yake eti imezaa, jirani kapokea vyote viwili anacheka, safari nyingine kaazima kubwa akakaa nayo, kuulizwa anasema pole, imekufa. Yule ni tapeli, tena tapeli wa kutangaza kifo cha uongo, na sijawahi kusikia mtoto akiuliza Abunuwasi atatubu lini. Ni mana jirani nae alikubali sufuria imezaa! Angekataa siku ile ya kwanza ya pili isingekuwepo, ila kwasababu alipokea kisufuria hana mdomo wa kubishia mazishi.

Nikaandika kwenye karatasi nikabandika ukutani: kila anaeibiwa kwenye filamu hii lazima kwanza awe amekubali sufuria imezaa. Nimepitia skripti yote kwa kipimo hicho. Mwenyekiti wa kamati ya msiba anatapeliwa, sawa, mana kashakata chake kwenye hela ya mchele. Tajiri wa mawese anaporwa, sawa, mana katoa laki kwa sharti jina lake lisomwe kwenye spika mara mbili. Mwenye turubai anakopwa halipwi, sawa, mana bei ya msiba kaipandisha juu ya bei ya harusi.

Na tusisahau marehemu King Majuto. Miaka yote ile katuigizia mzee bahili, mzee mbishi, mzee wa kupenda vya bure, tumempenda mpaka amefariki 2018 na mpaka leo watu wanarushiana vipande vyake. Hakuna aliyemtaka awe mwema, tulimtaka arudi tena na ubahili uleule.

Aprili

Makaratasi. Sheria ya filamu na michezo ya kuigiza ya 1976 inataka kibali kabla hujashuti na skripti uiwasilishe, kwaiyo mwezi wote umeenda kwenye kuprinti na kusubiri. Mtu mmoja kwenye ofisi moja aliisoma mbele yangu, akacheka ukurasa wa tatu, akacheka wa tano, akafika mwisho akavua miwani akaniuliza funzo lake nini. Nikamwambia mzee umecheka mara mbili. Akasema ndiyo, ila funzo?

Tumeenda pia kwa sheikh wa mtaa, hiyo nilisisitiza mwenyewe kabla ya kupanga lolote. Tumekubaliana hakuna aya itakayotumika kama kichekesho, kamera inatoka nje kabla dua haijaanza na inarudi watu wakishaanza kugombania nyama. Sheikh akasema hapo kwenye nyama mmepatia, wala hamjaongeza chumvi.

Mdhamini amepatikana. Ni mfanyabiashara wa hapahapa, simtaji, ana sharti moja, filamu ionyeshe vivutio vya Kigoma. Alitaka sokwe wa Gombe. Nikamwambia kaka, stori yetu iko stoo ya nyumba ya tope Ujiji, sokwe anaingiaje? Tukabishana wiki nzima.

Mei, mvua zinaishia

Nimepata namna ya kumpa mdhamini utalii wake bila kuharibu kitu, na kusema kweli imegeuka kuwa sini ninayoipenda kuliko zote.

Ujiji yenyewe imejaa marehemu wasiokufa. Livingstone kule kwao zilifika habari kwamba ameuawa, miaka ikapita, Stanley akatumwa kumtafuta, akaja kumkuta hapa Ujiji 1871 anapumua, na kufa kwenyewe akaja kufa 1873 kwa Chitambo, sasaivi ni Zambia. Alafu meli ya Liemba. Wajerumani 1916 waliizamisha wenyewe meli yao, wakati huo inaitwa Graf von Götzen, ila kabla ya kuizamisha wakazipaka mashine grisi nene, kwa akili kwamba ipo siku wataifufua. Waingereza ndo wakaja kuiibua 1924, ikarudi kazini 1927 kwa jina la Liemba.

Basi Mzee Bilali yuko stoo, kakalia gunia la mihogo mikavu, Sudi anamwambia baba ukitokea sasaivi ni aibu ya ukoo, na mzee anamjibu kwa utaratibu huku anatafuna: mzungu wa pale makumbusho alishakufa kwao akakutwa hapa anaishi, kuna aliyemwambia arudi kufa? Liemba imekaa chini ya maji wanajua iko wapi, imetolewa ikabeba abiria, kuna mtu aliyedaiwa ubani? Sudi anafikiri kidogo anajibu, Liemba haikua na madeni. Mzee ananyamaza. Ndo hoja pekee kwenye filamu nzima inayomshinda.

Mdhamini kafurahi, kasema hata Livingstone umemweka, safi sana. Sokwe kasamehe.

Juni

Tumeanza kushuti, sini za matanga kwanza mana zinahitaji watu wengi na watu wengi wanapatikana jumapili.

Nyumba iko mtaa wa ndani Ujiji, ua wake mkubwa, kuna mwembe. Shida ya mwanga hapa kwetu ni kwamba asubuhi ua wote uko kivulini, jua zuri linakuja jioni likielekea ziwani, likishagusa milima ya Kongo kule ng'ambo una muda mdogo sana kabla halijazama, kwaiyo sini zote za nje tunazirundika saa kumi jioni. Asubuhi tunafanya za stoo. Mik ya buum tumeifunga kwenye mwanzi wa kuvulia, inafanya kazi vizuri tu ila kijana anaeishika mkono unatetemeka teki zikiwa nyingi, na bodaboda wa ule mtaa wanapita muda wanaojisikia.

Sasa lililotokea siku ya turubai. Tumefunga turubai, tumepanga viti, kinamama wa kasti wamekaa kwenye mikeka na kanga kichwani, sinia la ubani liko pale mbele na daftari, kauntabuku lenye biki iliyofungwa uzi. Mwenyekiti wa mtaa alishataarifiwa, wapangaji wa jirani walishaambiwa. Kamera inazunguka. Anaingia bibi mmoja, simjui, kavua ndala pale penye mkeka, kakaa, kajifunika, kaanza kulia. Nikasema moyoni huyu nani kamleta, mzuri kweli, kameramen nae kashamsogelea. Bibi kalia kwa kituo, kasimama, kafungua pindo la kanga katoa noti ya elfu mbili iliyokunjwa mpaka imekua ndogo kama kidonge, kaiweka kwenye sinia, kamgeukia Mwajuma wetu kamwambia pole mwanangu, mama yako alikua mtu wa watu.

Mama! Na sisi tumefiwa na baba.

Mwajuma hakutoka kwenye kazi, kadondoka palepale kama skripti inavyotaka. Nikasema kati, kamera ikasimama. Kumbe bibi alikua anapita njia anatoka Kasingirima, kaona turubai, kwake turubai ni turubai. Tulimrudishia hela yake, tukamweleza, akacheka sana alafu akauliza mkimaliza pilau lipo? Lilikuwepo. Tukaandika kibao hapa filamu inarekodiwa tukakitundika kwenye mwembe, kesho yake wakaja wengine, wamekisoma, wamekaa, wanasubiri pilau. Anaeigiza Kassim alipendekeza tusirudishe hela za hao wengine, na alikua hatanii, ndo mana nilimchagua.

Bibi tumeomba ruhusa yake, yumo kwenye filamu. Sentensi ya mama yako alikua mtu wa watu imebaki vilevile.

Juni, mbalamwezi

Sini ya mzee kurudi tumeishuti mwalo wa Katonga. Watu wa nje hawajui kwanini tulisubiri mwezi uwe mkubwa, wanadhani ni kwa ajili ya urembo. Dagaa anafuatwa usiku wa giza, taa ndo zinamkusanya, mwezi ukiwaka taa hazimvuti tena, kwaiyo siku hizo wavuvi wanapumzika, boti zote ziko nchi kavu, watu wako nyumbani wanashona nyavu, na sisi tunapata mwalo mtupu na boti za bure kupanga tunavyotaka. Mwanga wa mwezi wenyewe kamera yetu haiuoni vizuri, tuliongeza taa za sola za wavuvi tukazifunika na kitambaa.

Mzee anaeigiza Bilali alikua mvuvi kweli, kaacha sababu ya mgongo. Mistari haishiki. Nilimwendea kabla ya teki, shikamoo mzee, marahaba mwanangu, nikamwambia hapa unashuka unakutana na kijana wa mwaloni anakimbia akidhani wewe mzimu, unamwita. Akaniuliza namwitaje, nikamwambia skripti inasema njoo mimi sio mzimu. Akatikisa kichwa. Kwenye teki kashuka kwenye boti taratibu na mfuko wake wa nailoni, kijana kakimbia, mzee kamwangalia anavyotokomea alafu akamfokea: we mtoto, baba yako bado hajanilipa mafuta!

Kuru yote ilicheka saundi ikaharibika. Tukarudia, kasema vilevile. Bilali mzima yuko hapo, katoka kufa na cha kwanza anachokumbuka ni deni la mtu. Nimeirekebisha skripti kuanzia hapo kwenda mbele kumfuata yeye, na jina la filamu tumelitoa palepale mwaloni.

Julai

Anaeigiza Sudi kaniita pembeni. Mke wake kasoma mistari, kasikitika, mtaani wameanza kumwita mla ubani. Anaomba sini moja tu, fupi, Sudi anampa yatima chakula. Kaka, hata sekunde kumi.

Nilikaa nae nje ya geti tukaongea sana. Nikamwambia Sudi akimpa yatima chakula watazamaji wote watapumua, watasema aa kumbe mtu mzuri, alafu kila atakachofanya baada ya hapo kitaonekana bahati mbaya. Na Sudi hajioni mbaya hata bila huyo yatima! Yeye anaamini katika watoto wote ndo kamhudumia baba zaidi, kalipa ada za Kassim, kaezeka bati lile jikoni, ubani huu ni mshahara uliochelewa. Akikohoa kabla ya kusoma daftari anakohoa kwa heshima ya kweli. Nikamwambia hiyo ndo uigize, wewe ndo umeibiwa. Kanyamaza, kasema lakini ni kweli ada zote nimelipa mimi. Nikajua tumepata Sudi.

Mambo mengine ya mwezi huu: jenereta ya kukodi ilizingua, memori kadi moja imekataa kusoma ila ilikua na vipande vya mandhari tu. Tumemaliza kushuti.

Agosti

Tumeunganisha rasimu ya kwanza tukaionyesha kibanda umiza kimoja Mwanga ya hapa Kigoma, mchana, kiingilio bure, mwenye kibanda kakubali mana hakukua na mpira. Mimi nilikaa nyuma pembeni nisiangalie filamu, niangalie vichwa.

Mwajuma kudondoka: wamecheka. Bi Tatu na kufuli: kicheko kikubwa kuliko vyote, kuna mama alipiga mikono akasema funga kabisa dada. Hapo nilikua na wasiwasi wangeona ni ukatili, kumbe sini ya nyuma yake mzee kashataja mke wa Kalemie, wamama wanamngoja. Bibi wa Kasingirima: watu wameinama kwa kucheka.

Alafu ikaja sini ya Kassim kumpokonya mtoto wa jirani mia tano aliyotumwa nayo kuleta kwenye msiba. Kimya. Sio kimya cha kufikiri, kimya cha kukasirika, jamaa mmoja mbele akasema huyu nae kazidi, na baada ya hapo dakika kadhaa hata Kassim akifanya jambo la kuchekesha hawampi. Mtoto hajawahi kukubali sufuria imezaa, hana tamaa, katumwa tu. Sini imetoka. Kwenye nafasi yake Kassim anamchukulia mwenyekiti wa kamati, palepale mwenyekiti akiwa anaficha bahasha yake soksini.

Na swali la stelingi? Mlangoni wakati wanatoka vijana walikua wanabishana. Mmoja anasema stelingi ni mzee, mwingine anasema ni Bi Tatu, wa tatu anawaambia nyie hamjui, stelingi ni daftari. Sikuingilia.

Septemba

Mwisho wa filamu ndo uliotugombanisha na mdhamini. Yeye anataka polisi, au mawaidha, au wote wapigwe radi, chochote ila wasiondoke hivihivi.

Mwisho uliopo ni huu. Siku ya hitma mzee yuko stoo anasikiliza kwenye upenyo, nje Sudi anasoma majina kwenye spika. Fulani elfu ishirini. Fulani elfu hamsini. Anafika kwa rafiki mkubwa wa mzee, wamekua pamoja, wamevua pamoja, na pale mbele ya jina lake imeandikwa ahadi. Ahadi tu, hela hajatoa. Mzee uvumilivu unamwisha, anavunja mlango, anatoka katikati ya hitma na vumbi la mihogo kichwani, haongei na wanawe, haongei na mke, anakwenda moja kwa moja kwa rafiki yake: mimi nimekufa we unaniandikia ahadi? Watu wanakimbia, masinia yanamwagika, na wakishagundua ni mzima wanarudi wote mstari mmoja mbele ya daftari wanadai warudishiwe, na kila mtu anataja kiasi kikubwa kuliko kilichoandikwa. Bi Tatu wakati huo hayupo, na sanduku la hela halipo.

Mdhamini aliangalia hiyo rasimu ofisini kwake, mlango kafunga. Alipofika kwenye mstari wa watu kudai alicheka mpaka akakohoa, akarudisha nyuma kuangalia tena. Ya polisi hakuyataja. Aliuliza jina lake litatokea wapi, mwanzoni au mwishoni, na kwa ukubwa gani ukilinganisha na la mtu aliyetoa jenereta.

Nimemwambia mwanzoni, peke yake, herufi kubwa. Alafu nikamkumbusha awamu ya mwisho ya hela bado haijaingia na kazi ya rangi na saundi inaisubiri. Kasema niandike ahadi.